Niko mwaka wa kwanza wa residensi na ninautaka moyo: nianze lini?

Swali: "Shikamoo daktari. Nilisomea udaktari Dar es Salaam, sasa niko mwaka wa kwanza wa residensi ya magonjwa ya ndani kwenye hospitali ya kawaida tu huku Ohio, kwa viza ya mafunzo ya J-1. Nataka kuwa bingwa bobezi wa moyo. Hospitali yetu haina feloshipu ya kadiolojia, na mimi sijachapisha chochote. Wenzangu wananishauri nikimaliza nikae mwaka mmoja zaidi kama residenti mkuu ili faili langu lipate uzito. Wengine wanasema niachane na moyo, nichukue figo. Nianze lini, na nianze na nini? Halafu, je, ninunue stetoskopu ya umeme?"

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi tunapopotelea. Residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, kwa magonjwa ya ndani Marekani ni miaka mitatu, kwa hiyo mtu anajiona ana miaka mitatu ya kujiandaa. Huna. Maombi ya feloshipu, yaani mafunzo ya ubobezi yanayofuata residensi, yanapita kwenye mfumo wa maombi uitwao ERAS, na programu zinaanza kufungua mafaili katikati ya Julai, wiki mbili tu hivi tangu uingie mwaka wa tatu. Usaili unaanza Agosti na kuendelea mpaka Novemba, majibu yanatoka mwanzoni mwa Desemba, na kazi yenyewe inaanza Julai inayofuata. Kwa maneno mengine, mwaka wako wa tatu karibu wote hauingii kwenye faili. Kitakachosomwa ni miezi 24 ya kwanza. Toa ile ya mwanzo, ambayo kila mtu anahangaika kujua namna ya kuagiza potasiamu kwenye kompyuta, unabaki na 20 hivi. Kwa hiyo jibu la "nianze lini" ni mwezi huu.

Mimi hesabu hii niliipiga nikiwa nimeshachelewa, Februari ya mwaka wa pili. Nikamfuata bingwa mmoja wa moyo kuomba barua. Akaniangalia kwa upole, akaniuliza jina langu linatamkwaje. Nilikuwa nimefanya naye raundi wiki mbili nzima! Nilifika kabla ya watu wote, niliondoka baada ya watu wote, sikuwahi kumpinga wala kumuuliza kitu. Barua aliiandika, Mungu ambariki, lakini nina hakika ilisema kwamba mimi ni mchapakazi na mtulivu. Nafasi niliipata kwa programu iliyokuwa ya kumi na moja kwenye orodha yangu ya programu nilizozitaka. Miaka ya baadaye nilipoanza kukaa upande wa pili wa meza, kwenye kamati ya kuchagua, ndipo nilipoelewa kwa nini.

Programu yenye nafasi chache tu inapokea mamia ya maombi. Nchi nzima nafasi za kadiolojia ni zaidi ya elfu moja kwa mwaka, na waombaji huzidi nafasi hizo kwa mamia. Hakuna anayekaa na faili lako saa nzima. Alama zako zinaangaliwa kwa jicho moja, halafu mtu anafungua barua na kutafuta sentensi moja ya kuwasomea wenzake kwa sauti. "Mchapakazi" haisomwi kwa sauti. Kwetu ni sifa kubwa, mama mkwe akiisikia anafurahi. Kwenye barua hizi ina maana mwandishi hakuwa na cha kusema.

Nikuonyeshe sentensi inayosomwa inatoka wapi. Nilikuwa bingwa wa zamu, saa tisa usiku, simu ikalia. Residenti wa mwaka wa pili, binti, sauti imetulia: "Samahani kukuamsha. Nina mzee wa miaka sitini na kitu, ana kisukari, amelazwa kwa nimonia, kifua kimeanza kumbana dakika arobaini zilizopita. ECG ina ST iliyoshuka V1 mpaka V3. Nimehamishia elektrodi tatu mgongoni, na huko ST imepanda. Nadhani ni mshtuko wa moyo wa ukuta wa nyuma. Nimekutumia picha zote mbili, aspirini ameshapewa. Tuwaamshe watu wa kathlabu?" Nusu dakika haikufika. (ECG ni mchoro wa umeme wa moyo, ST ni kipande chake, na V1 mpaka V9 ni sehemu zinapobandikwa elektrodi kifuani na mgongoni; kathlabu ni chumba cha kuzibulia ateri za moyo.) Mashine ilikuwa imeandika maneno yake ya kawaida, kwamba huenda ni upungufu wa damu kwenye moyo, na watu wengi wangesubiri majibu ya troponini, kipimo cha damu cha jeraha la moyo, mpaka asubuhi. Yeye alizibandua V4, V5 na V6 akazipanga nyuma, chini ya bega la kushoto, ziwe V7, V8 na V9. Elektrodi ni zilezile na mashine ni ileile. Tukamkuta mzee ateri ya nyuma imeziba.

Lakini barua haikuandikwa kwa sababu ya usiku ule peke yake. Kesho yake mchana, badala ya kwenda kulala, alipitia kathlabu dakika kumi akaomba aonyeshwe filamu. Akauliza kwa nini ST ya mbele ilishuka wakati jeraha liko nyuma. Wiki iliyofuata akaniletea ECG nyingine ya mgonjwa mwingine, akasema, "Hii nilidhani ni ileile, kumbe sivyo, nimekosea wapi?" Baada ya mara tatu za namna hiyo nilikuwa namfahamu. Mwaka uliofuata aliponiomba barua niliandika kurasa mbili bila kukuna kichwa.

Hapa nataka nikae kidogo, maana kuna jambo linalotuumiza sisi tuliolelewa pwani na bara ya kwetu. Tumefundishwa kwamba mkubwa akizungumza unanyamaza, humtazami sana usoni, humtajii kosa lake, na ukijua jibu unasubiri uulizwe. Ni malezi mazuri na sikuambii uyatupe. Ila bingwa wa huku akikuona kimya hasemi "huyu ana adabu". Anasema "huyu hajui", au mbaya zaidi hasemi kitu, anakusahau. Sikutumi ukajipendekeze, wala kuuza sura kwenye kila kikao. Nakutuma ufanye jambo moja dogo: kwenye kila raundi, kabla hujaulizwa, toa uamuzi wako. Usiishie kwenye "mgonjwa ana maji mwilini, kreatinini, kipimo cha figo, ni hii". Malizia: "Nadhani bado ana maji, mshipa wa shingo umejaa mpaka kwenye taya, ningemwongezea furosemaidi ya kutoa maji hata kama kreatinini imepanda kidogo." Ukikosea utasahihishwa, na hiyo ndiyo raha yake, maana mtu aliyekusahihisha anakukumbuka. Siku tatu za mwanzo utajiona huna adabu. Utazoea.

Sasa barua zenyewe. ERAS inakuruhusu kupeleka hadi barua nne kwa kila programu. Moja ni ya mkurugenzi wa residensi yenu, hiyo haina mjadala, kwa hiyo huyo usimsubiri mpaka mwaka wa pili; nenda ofisini kwake mwezi huu umwambie unautaka moyo. Wakurugenzi wengi ndio wanaojua nani wa kumpigia simu. Mbili nyingine ziwe za mabingwa wa moyo waliokuona kitandani kwa mgonjwa. Ya nne iwe ya aliyekusimamia kwenye utafiti, kama yupo. Jina kubwa lisilokufahamu ni hasara. Ziombe Aprili au Mei ya mwaka wa pili, na namna ya kuomba ni hii: "Je, unanifahamu kiasi cha kuniandikia barua yenye nguvu?" Mwachie mlango wa kutokea. Akisitasita, mshukuru, ondoka, tafuta mwingine; huyo amekuokoa. Akikubali, mpelekee ukurasa mmoja wenye wagonjwa watatu mliowatibu pamoja na ulichofanya wewe. Watu wana kazi nyingi, kumbukumbu zao zinahitaji msaada.

Kuhusu hospitali yenu kutokuwa na feloshipu: ni kikwazo cha kweli na sitakudanganya. Programu nyingi huanza kuwachukua watu wao wa ndani, kwa sababu wameshawaona. Dawa yake ni kuonekana kwingine. Mwanzoni mwa mwaka wa pili, wiki nne unazochagua mwenyewe pa kufanya kazi zitumie kwenye hospitali yenye feloshipu, ikiwezekana kwenye wodi ya wagonjwa mahututi wa moyo au timu ya ushauri, mahali ambapo mafelo (madaktari walio kwenye feloshipu) na mabingwa watakuona ukifanya kazi. Kutazama eko, zile picha za moyo za ultrasaundi, mwezi mzima gizani kunafundisha, ila hakuna atakayekujua. Maombi ya nafasi hizo huanza mapema, na kwa viza yako lazima ofisi ya residensi iridhie kwanza kwa maandishi, kwa hiyo ulizia kabla ya Krismasi.

Halafu usiwadharau mabingwa wa moyo walioko hapo kwenu. Hospitali isiyo na mafelo ina kitu ambacho hospitali kubwa haina: residenti ndiye anayesimama karibu na bingwa. Katika hospitali yenye mafelo ungekuwa mtu wa nne nyuma ya kitanda.

Utafiti. Huna chapisho, sawa, na wengi walioingia hawakuwa nalo wakiwa mwezi wa tatu wa residensi. Kosa ninaloliona kila mwaka ni mtu kuwa na miradi saba iliyoanza na hakuna hata mmoja uliokwisha. Kwenye usaili tunauliza, "Hii nambari nne, ulifanya nini hasa?" na mtu anaanza kutoa jasho, kumbe jina lake liliwekwa na rafiki. Kilichoanzwa na kumalizwa, hata kama ni kidogo, kinakupa dakika kumi za mazungumzo mazuri.

Chukua mradi unaoweza kuufanya bila fedha. Kwa mfano: wagonjwa waliolazwa hospitalini kwenu kwa moyo kushindwa kusukuma damu, wanaporuhusiwa kwenda nyumbani, wangapi wanaondoka na dawa za makundi yote manne yanayotakiwa? Yaani kizuizi cha beta, dawa ya jamii ya ACE au iliyochukua nafasi yake, spironolaktoni au mwenzake, na ile ya jamii ya SGLT2 iliyoanzia kwenye kisukari. Unaandika pendekezo la kurasa mbili, unalipeleka kwenye bodi ya maadili, ukipata kibali unafungua mafaili mia moja au mia mbili, unajaza jedwali. Kisha unabadilisha jambo moja kwenye fomu ya kumruhusu mgonjwa, unahesabu tena. Ikisiri ya kazi hiyo inaweza kwenda kwenye mkutano wa American College of Cardiology, ambao hufanyika kila mwaka Machi au Aprili, na maombi yake hufungwa miezi mitano au sita kabla. Piga hesabu kurudi nyuma: ukitaka uwe umesimama mbele ya bango lako katika mkutano wa mwaka wako wa pili, kibali cha bodi uwe nacho kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Mkutano wa American Heart Association ni Novemba, nao ni mzuri vilevile.

Taarifa ya mgonjwa mmoja wa ajabu nayo inafaa, ila moja au mbili zatosha. Na majarida yanayokuandikia barua pepe kukusifia na kuomba dola, futa. Tunayajua yote.

Mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, Step 1 hadi 3, nitaipita haraka. Step 1 tangu Januari 2022 ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo kinachotazamwa ni Step 2, na hiyo umeshaifanya, huwezi kuibadilisha. Step 3 imalize mwaka huu wa kwanza, siyo kwa sababu itakupaisha, bali kwa sababu kuifanya mwaka wa pili kutakula wiki unazozihitaji kwa mambo mengine. Basi.

Sasa suala la residenti mkuu, yaani anayewasimamia residenti wenzake, na hapa wenzako wanakushauri bila kuitazama viza yako. J-1 ya madaktari ina kikomo cha miaka saba ya mafunzo. Residensi mitatu, kadiolojia mitatu, jumla sita. Ukitaka kuongeza ubobezi wa kuzibua ateri kwa katheta ni mwaka mmoja, saba kamili. Ukitaka ubobezi wa umeme wa moyo ni miwili, na hapo umeshavuka, labda upewe nyongeza ambayo haitolewi ovyo. Mwaka wa ziada wa ukuu baada ya residensi unahesabiwa ndani ya hiyo saba. Mkenya au Mtanzania mwenye J-1 anayekaa mwaka wa nne kama mkuu, halafu miaka mitatu ya kadiolojia, amemaliza tikiti yake akiwa hajagusa stenti, kile kibomba cha kushikilia ateri wazi, kwa ubobezi. Kwa hiyo usipange mwaka huo kama ngazi. Ubaki nao kama boya, ikitokea Desemba majibu yakaja matupu. Isipokuwa kama kwenu ukuu unafanywa ndani ya mwaka wa tatu wenyewe, kama hospitali nyingi za aina yenu zinavyofanya. Huo uchukue kwa mikono miwili: uchaguzi wake hufanyika mwaka wa pili, na utaingia kwenye faili.

Kuna karatasi nyingine wenye pasipoti za huku hawaijui. ECFMG, taasisi ya Marekani inayowashughulikia madaktari waliosomea nje, ndiyo inayodhamini J-1 yako, na kila unapobadilisha fani inataka barua mpya kutoka wizara ya afya ya nchi yako, inayosema kwamba nchi inawahitaji mabingwa wa fani hiyo na kwamba unakusudia kurudi. Ile uliyopewa kwa magonjwa ya ndani haikufikishi kwenye moyo. Maneno yake yamepangwa, neno likikosekana inarudishwa. Majibu ya feloshipu yanatoka Desemba, sikukuu zinafuata, Januari watu wanarudi ofisini taratibu, na wewe uko Ohio kwenye theluji ukipiga simu isiyopokelewa. Tafuta mapema ndugu au rafiki wa kufuatilia kwa miguu, mwenye nakala ya maneno yanayotakiwa mkononi. Faili halitembei lenyewe. Nimemwona mtu aliyepata nafasi nzuri akaanza kazi wiki sita baada ya wenzake kwa ajili ya muhuri.

Na kwa kuwa umekubali J-1, ujue mwishoni kuna miaka miwili ya kuishi nyumbani, au msamaha wake, ambao wengi huupata kwa mpango wa Conrad 30: kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka, nawe unafanya kazi miaka mitatu kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari. Hili si la leo. Lakini kwenye usaili watakuuliza unaliona wapi jina lako miaka kumi ijayo, na jibu la kubabaisha linasikika.

Ambayo inanileta kwenye insha yako binafsi. Najua utaandika nini, kwa sababu wote tunaandika hilo: bibi aliyekufa, kijiji kisicho na daktari, mimi nikaamua. Tumeshazisoma nyingi sana, samahani. Lakini wewe una kitu ambacho waombaji wengi wa huku hawana. Umeshawaona wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo. Yule mama wa miaka ishirini na kitu, ujauzito wa miezi saba, analala ameketi kwa sababu akijinyoosha anazama, anakohoa povu la rangi ya waridi, na valvu yake ya mitrali imebaki tundu dogo. Aliugua koo utotoni, na penisilini ya kila wiki tatu au nne, ambayo ingemlinda, aliikatisha kwa sababu zahanati ilikuwa mbali. Mafelo wengi wa Marekani wanamaliza mafunzo wakiwa wamewaona wachache mno wa namna hiyo. Andika ulichokiona na ulichokifanya usiku ule, kwa sentensi fupi, bila kumlilia. Kisha sema unataka kujifunza nini: kama ni kupanua valvu kwa puto, sema hivyo. Ukitaja kwamba Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ilianzishwa mwaka 2015 na kwamba unataka kurudi na ujuzi fulani mahususi, utaeleweka, mradi iwe kweli.

Orodha yako ya mwisho, ile ya kupanga programu kwa mpangilio wa matakwa, ipange kwa jinsi unavyozitaka kweli. Mfumo wa kuwalinganisha waombaji na programu hauadhibu anayeanza na programu ngumu. Na usiziambie programu tatu kwamba kila moja ni ya kwanza. Wakurugenzi wanajuana.

Figo? Feloshipu yake ni miaka miwili, na karibu kila mwaka nafasi zinabaki bila watu, ndiyo maana wanakuelekeza huko. Nyumbani tunawahitaji mabingwa wa figo, pengine kuliko sisi wa moyo. Lakini usiende huko kama mtu aliyekosa basi la kwanza. Kaa wiki mbili na timu ya figo mwaka huu, bila kumwambia mtu kitu. Ukijikuta unabaki jioni kusoma sodiamu ya mgonjwa kwa hiari yako, rudi uniandikie, tutaongea upya.

Stetoskopu ya umeme usinunue. Ile uliyokuja nayo inatosha. Mngurumo wa mitrali utausikia ukimlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, ukageuza upande wa kengele, ukaugusisha pale moyo unapodunda kwa wepesi, usikandamize, na ukamwomba mtu azime televisheni.